Maji Mdomoni

Nyinyi mliobaki kwa ofisi mliniletea fomu ya kujaza kabla nistaafu. Ilikuwa na visanduku vya kutia tiki: kazi yako ilikuwa gani, ulijifunza nini, ungependa kushauri nini. Nimeitumia kufunika unga. Haya nimeyaandika kwa daftari ya mjukuu wangu Faith, na yeye ndiye anayapiga kwa simu ili yawafikie. Niliishia darasa la nne, lakini nimemwonya kwamba akibadilisha neno moja nitajua. Faith ni wa kwanza darasani. Nimesema hilo mapema ili nisije nikarudia, ingawa nitarudia.

Nilianza kazi Kitale nikiwa na ufagio. Ofisi ya ushauri nasaha ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo. Ngazi zilikuwa nje, za chuma, na mtu akipanda ulimsikia kama ng'ombe amepanda kwa mabati. Mshauri alikuwa mmoja tu, Madam Mwende, Mkamba mfupi aliyesoma mpaka macho yakaomba miwani. Siku ya kwanza, kabla sijamaliza kupiga deki, mwanaume mmoja alipanda na chupa mkononi akiuliza dawa ya kupe. Alikuwa amepotea, dawa ya kupe iko chini. Madam akamwambia karibu, keti. Mimi nikasimama na deki yangu nikingoja amwelekeze. Badala yake akamuuliza siku yake imekuwaje. Baada ya nusu saa huyo mwanaume alikuwa analia juu ya ndugu yake ambaye hawajasalimiana tangu wazike mama yao. Akaenda nyumbani bila dawa ya kupe. Nikajiambia, mimi Rose nilizaliwa na mtu ambaye haogopi kazi, lakini hii kazi ni ya kuogopa. Sitoki hapa.

Nilidhani tunatibu wazimu. Jioni hiyo nikamuuliza Madam wenye wazimu wenyewe wanakuja siku gani nifiche visu. Alicheka, akavua miwani, akanieleza, na vile alinieleza ndivyo nawaeleza, kwa sababu nyinyi mna digrii na mnaeleza hiki kitu kwa maneno marefu kama gari moshi. Alisema kuna woga wenye uso: mbwa, mwizi, ugonjwa. Huo unajua unakimbia nini. Halafu kuna wasiwasi usio na uso. Mwingine ni ugonjwa, unapelekwa hospitali, unapewa tembe, na hakuna aibu hapo. Lakini mwingine unamshika mtu mzima mwenye afya yake, ile siku anagundua maisha ni yake mwenyewe. Kwamba siku moja atakufa. Kwamba hakuna mtu ataishi kwa niaba yake. Kwamba anaweza kwenda kushoto ama kulia, na hapo njia panda hakuna askari wa kumwonyesha mkono.

Nikamwambia huko kwetu Mabanga mtu wa namna hiyo tunampatia jembe.

Alilicheka hilo mpaka akaliandika kwa kitabu chake. Huyo mama aliandika kila kitu.

Vyombo vya kazi vilikuwa viti viwili vya mbao vyenye urefu sawa, tishu, na birika. Viti lazima viwe sawa. Mkinunua kile kiti cha ngozi kinachozunguka ambacho nimesikia mnakitaka, mtakuwa mmenunua kiti cha chifu, na watu watakuja kuripoti. Birika lilikuwa langu. Na hapa niwaachie kitu ambacho hamkufundishwa chuoni: angalieni kikombe. Mtu akimaliza chai kabla hajaongea, leo hataongea. Mtu akisahau chai mpaka imeshika ngozi juu, hapo kazi inaendelea, usiingie na mandazi. Mimi niliingia na mandazi mara moja, mama mmoja alikuwa ndiyo amefika pahali pa kusema kitu alichokificha miaka yote. Akaona mandazi, akasema asante, akala matatu, na hakurudi tena.

Kutafsiri kulinikuta nikiosha dirisha. Mama mmoja mzee wa kutoka Chwele alikuwa ameletwa, Kiswahili chake kilikuwa cha kununua chumvi tu, na Kibukusu cha Madam kilikuwa ile salamu ya "mulembe" peke yake, nayo alikuwa anaisema kama anaagiza samaki. Nikaweka kitambaa chini nikasema, mimi naweza. Basi nikawa mtafsiri. Nilivaa sketi ya kanisani siku za kazi. Nilimwambia kila mtu Mabanga kwamba sasa mimi ni sauti ya daktari.

Shida ni kwamba sauti ya daktari ilikuwa na maoni yake.

Mnisikilize vizuri hapa kwa sababu ni makosa na ni yangu. Kazi ya Madam ilikuwa kuuliza. Anauliza swali moja halafu ananyamaza, na kule kunyamaza kulikuwa kunaniwasha kama upupu. Katika ukoo wetu, mtu akikuletea shida na wewe unyamaze, amekutukana ama umemtukana. Kwa hivyo Madam anamuuliza mwanamke, "Unahisi nini ukifikiria kwamba mume wako hatarudi?" na mimi naweka kwa Kibukusu, "Daktari anasema huyo wachana naye, na ile mbuzi uza." Mwanamke anafurahi. Anasimama, anashukuru, anakwenda. Madam anabaki ameshika kalamu hewani. Aliwahi kuandika kwa kitabu chake, nilikuja kuonyeshwa baadaye, kwamba watu wa Trans-Nzoia wanapona haraka kuliko watu wote aliowahi kuwahudumia.

Ndipo akaja Mzee Barasa. Barasa si jina lake. Nilimpigia kumwomba ruhusa ya kuandika habari zake, akanipa hapo hapo bila kuuliza mtu, na mkimaliza kusoma mtajua hilo ni jambo la kupigia vigelegele. Jina la kutumia nalo alisema atalichagua mwenyewe. Lilimchukua wiki mbili.

Alikuwa na miaka hamsini na nane, alinizidi mimi. Shamba lake lilikuwa Kachibora, ekari za kutosha, udongo mweusi ambao ukitupa kijiti kinaota. Baba yake alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, mzee wa miaka tisini na kitu, na mpaka siku anakufa ndiye aliyekuwa anaamua kila kitu kwa hiyo boma. Siku ya kulima, siku ya kupanda, mbegu gani, ng'ombe gani auzwe, Barasa anyolewe lini. Hakuwa mzee mbaya. Alikuwa tu hajaacha nafasi. Sasa amezikwa, nywele zimenyolewa, matanga yamekwisha, mwaka umezunguka, mvua ya kupanda imekaribia, na Barasa hawezi kununua mbegu.

Namaanisha hawezi. Alikuja kwa lile duka la chini asubuhi, wakamwonyesha pakiti ya kijani na pakiti ya manjano, zote mahindi, zote nzuri. Akasimama hapo mpaka saa ya chakula. Mikono inatetemeka, jasho linatoka, moyo unapiga. Alikuwa ameshakwenda hospitali, wakapima presha, wakapima sukari, wakapiga moyo picha, wakamwambia uko sawa kuliko sisi. Kesho yake akarudi kwa duka akasimama tena. Siku ya tatu mwenye duka, ambaye alikuwa anataka kaunta yake, akamwambia, "Mzee, panda hizo ngazi. Kile unatafuta hakiuzwi hapa chini."

Kiswahili Barasa alikijua, lakini kilikuwa cha sokoni, cha moyoni hakuwa nacho. Kwa hivyo nilikaa katikati yao. Madam akamuuliza akisimama mbele ya shamba anaogopa nini. Akasema baba akiamua na mahindi yakikataa, ilikuwa ni mvua ama ni baba. Sasa yakikataa, itakuwa ni mimi.

Nilitafsiri hiyo vizuri, neno kwa neno, kwa sababu ilinichoma.

Madam akainama mbele kidogo. "Mzee, wewe unataka nini?"

Akanyamaza. Na Barasa akanyamaza. Mimi nikaangalia dirishani: mawingu yamekuja mpaka kwa paa la stendi, majirani zake wote huko Kachibora wameshatoboa mashimo. Nikahesabu mbao za dari. Nikazihesabu tena. Halafu nikafungua mdomo wangu huu, nikamwambia kwa Kibukusu, "Daktari anasema ununue pakiti ya kijani na upande kesho asubuhi."

Bana, mngemwona. Mikono ilitulia kama umezima mashine. Alisimama, akamshika Madam mkono kwa mikono yake miwili, akatushukuru sote, akateremka ngazi kama kijana. Madam akauliza nimemwambia nini. Nikasema nimemwambia vile umesema. Nilisema hivyo nikimwangalia machoni. Mungu alinisamehe, Madam ilimchukua muda zaidi.

Mahindi ya mwaka huo yalikubali. Barasa alituletea gunia la mahindi mabichi, tukachoma hapo nyuma ya duka tukala mpaka meno yakauma. Na kutoka hapo simu zikaanza. Mayi, daktari anasemaje, ng'ombe nimpeleke josho wiki hii ama ijayo? Mayi, kanisani niende ibada ya kwanza ama ya pili? Mayi, bibi yangu anataka kupaka nyumba rangi, ni rangi gani? Mayi ni mama, lakini kwa kweli nilikuwa nimekuwa baba. Na nilikuwa baba hodari. Niliamua josho nikikaanga vitunguu, nikaamua rangi ya nyumba nikiwa kwa foleni ya posho mill, kule kusaga unga. Madam hata sikumsumbua, kwa nini nimsumbue. Nilijisikia mrefu. Nilijiambia kama watu wote wangenipigia simu, hii Kenya ingenyooka.

Mwaka ukazunguka. Mwezi wa tatu Barasa akapanda ngazi, amevaa koti, anatabasamu, na siku hiyo kwa heshima akaamua kuongea na Madam moja kwa moja, kwa kile Kiswahili chake cha sokoni. "Daktari, asante kwa ile pakiti ya kijani. Mwaka huu unasema rangi gani?"

Madam akasema, "Pakiti gani?"

Nilikuwa nimeshika birika. Nilitamani birika linimeze.

Alimwomba Barasa arudi Jumanne. Halafu akafunga mlango, akaketi kwa kiti chake, akanionyesha kile kingine. Miaka yote nilikuwa nakifuta vumbi, sikuwa nimekikalia. Ni kiti kigumu, niwaambie. Nikamweleza yote, la mbuzi, la josho, la rangi ya nyumba. Nilingoja anifukuze. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza.

"Mama Rose," akasema, "huyu mtu alikuwa anatetemeka kwa sababu alikuwa anazaliwa. Alikuwa na miaka hamsini na nane na ndiyo alikuwa anazaliwa. Wewe umemrudisha ndani."

Nikamwambia mvua haingoji mtu azaliwe. Nilikuwa na hasira, na bado naona nilikuwa na pointi. Nikamwambia huyo mzee ana bibi na watoto, wanakula mahindi, hawali maswali. Si alipona?

"Ni kweli," akasema. "Walikula. Sasa niambie. Baba yake alikuwa anamwamulia, akafa. Wewe unamwamulia, na wewe utakufa. Mwaka huo atapanda nini?"

Nikaomba kuendelea na kazi. Akasema nitaendelea, lakini nitatafsiri maneno yake kama yalivyo, bila chumvi. Na kwa simu ya Barasa, nisiamue kitu tena hata rangi ya kamba ya kiatu.

Sasa, kumwambia Rose anyamaze ni kuambia jogoo alale. Nilijijua. Nikakumbuka dawa ambayo kukhu yangu, nyanya aliyenilea, alikuwa anawapa mabibi wa ukoo wetu wenye mdomo. Mume akianza kuchokoza, unachukua maji unaweka mdomoni, humezi, mpaka hasira yake ipite. Jumanne nikaingia na jagi na kikombe. Madam anauliza, nameza, natafsiri, najaza mdomo tena. Barasa anajibu, nameza, natafsiri, najaza. Kwa saa moja nilikunywa lita mbili, na choo kilikuwa huko chini nyuma ya duka, kwa hivyo mkisikia kwamba zamani vikao vilikuwa vinaisha kwa wakati, sababu ilikuwa hiyo.

Jumanne ya kwanza Barasa hakumjibu Madam. Alinigeukia mimi. Akaniuliza kwa upole, halafu kwa kunibembeleza, halafu kwa ukali. Nikamwangalia mashavu yangu yamejaa maji. Akasema, "Mayi, umeninyamazia kama baba kaburini," akachukua kofia yake akaondoka. Mikono yake ilikuwa imeanza tena.

Wiki hiyo mvua ilishuka. Jumanne ya pili alikuja, akaketi, akatetemeka, akasema hana la kusema. Nilipomsindikiza nilimkuta bibi yake amesimama kwa ngazi, mama mpole ambaye sikuwa nimemwona tangu yale mahindi ya kuchoma. Aliniomba nimwambie mzee kitu chochote. Chochote tu, Mayi, hata mawele. Alisema shamba limelimwa limelala wazi kama kaburi kubwa, majirani wanapita wanaangalia upande mwingine, na baada ya wiki mbili hakuna mbegu ya mahindi itakayofuata mvua. Neno lilikuwa hapa kwa ulimi. Ni neno moja, "kijani," na nyumba nzima ingelala imeshiba mwaka mzima. Nikamshika mkono, nikamwambia siwezi. Nilikwenda kwa kona ya birika nikalia. Mimi silii ovyo, niliwazika watu wangu wawili macho yakiwa yamekauka.

Jumanne ya tatu Barasa alikuja amelowa mpaka mifupa. Madam hakuuliza habari za mbegu hata kidogo. Aliuliza, "Mzee, ni lini mara ya mwisho ulifanya jambo ambalo hakuna mtu alikuambia ufanye?"

Nikameza, nikatafsiri neno kwa neno, nikajaza mdomo.

Akanyamaza. Huo ndio ulikuwa unyamavu mrefu kuliko wote niliowahi kuketi ndani yake. Chini kwa duka tulisikia mtu akipima mbolea, na mvua ikipiga ngazi. Sikuhesabu mbao za dari. Chai yake ilishika ngozi.

Halafu akasema, "Kengele."

Hapa niwaeleze nyinyi msio wa kwetu. Kwetu mvulana haburutwi kwenda kutahiriwa. Ni yeye anaomba, kwa mdomo wake, na anapewa kengele za mkononi, chinyimba, anazunguka kwa jamaa akizipiga na kuwaalika waje kumwona akisimama mbele ya kisu. Barasa akasema mwaka wake ulipofika baba yake alikataa. Alimwambia wewe ni mwoga, ngoja miaka miwili. Yeye akaenda kwa binamu, akaomba kengele, akaingia nazo katikati ya boma ya baba yake mchana kweupe. Akazipiga siku tatu. Baba akafunga mlango, yeye akapiga nje ya mlango. Siku ya nne mzee akatoka akasema haya.

Nilitafsiri yote, bila chumvi.

"Ulitetemeka?" Madam akauliza.

"Nilitetemeka," Barasa akasema, na hiyo hakungoja nitafsiri, aliijibu kwa Kiswahili. "Nilitetemeka mpaka kengele zikalia zenyewe."

Akajiangalia mikono. Ilikuwa inatetemeka vile vile, haikuwa imepona hata kidogo. Akaiangalia kama mtu anayetambua watu wa nyumbani. Akasimama, akavaa kofia, akateremka ngazi moja moja, kang, kang, kang. Madam na mimi, watu wazima wenye heshima zetu, tulikimbilia dirisha. Nilikuwa nimeshajaza mdomo tena kwa sababu ya mazoea. Alikaa kwa duka muda wa kuiva ugali. Alipotoka alikuwa amebeba mfuko begani, na haukuwa wa kijani, na haukuwa wa manjano. Ulikuwa na picha ya ua kubwa.

Alizeti. Mtu wa Kachibora, katikati ya mahindi ya watu, alikuwa amenunua alizeti.

Nilitaka kufungua dirisha nimwambie Barasa alizeti haisongwi ugali. Nilitaka hivyo na damu yangu yote. Lakini mdomo ulikuwa umejaa, na kicheko kikanikuta hapo hapo, na maji yote yakatokea puani yakalowesha kioo, pazia, na miwani ya Madam. Alijipangusa akicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Tulikaa wawili huko chini, tishu zote za wateja tukazimaliza.

Msifikirie alizeti ilimtajirisha, hii si hadithi ya redio. Watu walimcheka. Bibi yake hakumsemesha wiki mbili, halafu akachukua robo ekari akapanda mahindi yake na maharagwe bila kumuuliza mtu, na ikawa sasa wako wawili. Maua yalitoka makubwa kama masufuria, gari zilikuwa zinasimama barabarani watu wapigwe picha. Halafu ndege wakaja wakala karibu nusu. Ile iliyobaki ilikamuliwa mafuta, wakauza, wakanunua mahindi ya kula, yakawafikisha mavuno mengine kwa shida, lakini yakawafikisha. Alipanda ngazi na chupa moja ya mafuta. Akaiweka mezani.

"Nilikosea mimi," akatuambia. "Nilipanda karibu na miti. Ni mimi." Alisema hivyo kifua kiko mbele kama mtu aliyeleta kombe.

Mwaka uliofuata alipanda mbali na miti. Hakuuliza.

Baadaye tulifungua ofisi ya Bungoma, nikahamia huko kwa sababu ni karibu na kwangu Mabanga, na hapo ndipo nyinyi wengi mlinikuta. Mlishangaa kwa nini huyu mama mtafsiri anaingia na jagi. Mmoja wenu alidhani nina sukari. Mabinti wa mjini wenye wasiwasi wa kazi gani wasome, wanaume waliostaafu ambao hawajui asubuhi ni ya nini, bibi arusi mmoja aliyekuja na gauni kwa mfuko, wote niliwatafsiria nikimeza. Sikujua nami nakuja kwa foleni.

Kwa sababu mliponiaga, mkanipa blanketi na keki yenye jina langu, nilikwenda nyumbani vizuri. Jumatatu nikaamka, nikachemsha chai, na hakukuwa na mtu wa kumpelekea. Moyo ukaanza. Mikono ikaanza. Nilijua hospitali wataniambia nini, lakini nilikwenda, kwa sababu ni vizuri kwenda, wakaniambia hicho hicho. Watoto wangu walikuwa wamenipangia. Mmoja anataka nihamie Nakuru nimlelee mtoto. Mwingine anataka nifuge kuku. Mchungaji anataka niongoze akina mama. Wote wazuri, pakiti ya kijani na pakiti ya manjano. Nikakaa mbele ya chai yangu mpaka ikashika ngozi.

Nikachukua simu nikampigia Barasa. Sasa anakaribia sabini. Nikamweleza yote, Nakuru, kuku, akina mama, moyo. Nikamwambia, "Barasa, wewe ni mtu wa kuamua siku hizi. Niambie nifanye nini."

Simu ikanyamaza. Nikasema halo. Nikaangalia kama imekata, haikuwa imekata. Nilisikia jogoo wake, nikasikia upepo. Nikaanza kukasirika, nikamwambia si mimi nilikuamulia mpaka rangi ya nyumba. Kimya. Nikamwambia una roho ngumu kama ya baba yako. Kimya. Halafu nikasikia kitu kikishuka kooni, gulp.

"Samahani, Mayi," akasema. "Nilikuwa na maji mdomoni. Wewe unataka nini?"

Nilimtukana. Halafu nilicheka mpaka Faith, ambaye ni wa kwanza darasani, akaja mbio kutoka jikoni akidhani nimeanguka. Na nikiwa katikati ya kucheka, nikatetemeka vile vile, nikajua. Nilijua tangu niko darasa la nne, nikipitwa barabarani na mwalimu wetu wa kike, sketi imejaa upepo, na mimi nina mtungi kichwani.

Nimenunua baiskeli, kama ile ya mwalimu. Ni nyekundu. Watoto wamepiga simu kutoka kila upande, mchungaji amekuja kuniombea. Faith anashika kiti kwa nyuma na kunikimbiza kwa njia ya kwenda kisimani, na majirani wametoa stuli nje wanaangalia kama mpira. Jana alisema ameshika, kumbe alikuwa ameachilia zamani. Nilikwenda hatua arobaini peke yangu halafu nikaingia kwa migomba. Nimechubuka goti na kiwiko.

Hakuna mtu aliyenisukuma. Nilianguka mimi.